Tarehe 11 Februari na Swali la Mwenye Wimbo

Maneno tarehe na taarikhi ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, na huko kwao ni neno moja tu. Yalipofika pwani yetu ndipo yalipogawana kazi. Tarehe likachukua siku: namba yake, mwezi wake na mwaka wake. Taarikhi likachukua habari zenyewe za mambo yaliyopita, likaishi vizuri katika vitabu vya wazee hadi lilipokuja neno historia na kulisukuma pembeni. Mimi bado nalipenda taarikhi, lakini sitaligombania leo. Ninalotaka kusema ni kwamba lugha yetu inajua tofauti ya siku na habari, ilhali vipindi vya redio vya mtindo wa “Leo katika historia” huvichanganya viwili hivyo bila kuona haya.

Katika vipindi hivyo mtangazaji huchukua siku moja ya kalenda na kuitundikia mizigo ya miaka mbalimbali. Fulani alizaliwa, fulani alifariki, wimbo fulani ulirekodiwa. Kisha muziki hupigwa, na kesho yake huja siku nyingine. Nimevisikiliza kwa miaka mingi, na nimeona kwamba karibu kila mara huulizwa nani aliimba na lini, na ni mara chache sana huulizwa maneno ni ya nani. Kwa sisi wapenzi wa ushairi hilo la pili ndilo swali la kwanza. Nimeichagua siku moja, tarehe 11 Februari, niliulize hapo.

Watunzi wetu wa kale walikuwa waangalifu zaidi kuliko watangazaji. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake utendi wa mawaidha, mwaka wa Hijra 1275 uliwekwa ndani ya beti zenyewe, nasi leo twaweza kusema bila kubabaika kwamba kazi hiyo ni ya mwaka 1858. Mwaka uliofumwa katika vina na mizani haung'oki kwa urahisi. Karatasi ikichanika, aliyehifadhi beti kichwani amehifadhi na mwaka.

Tukumbuke pia kwamba ujirani wa matukio nitakayoyataja ni kazi ya kalenda ya kizungu. Mwaka wa Hijra ni mfupi kwa siku 10 au 11 hivi, kwa hiyo katika kalenda hiyo matukio haya yangetawanyika katika miezi mbalimbali. Na kwa hesabu ya mabaharia na wakulima wa pwani, waliohesabu siku kwa miongo tangu Nairuzi, siku hiyo isingekuwa na Februari ndani yake hata kidogo. Basi tuichukulie tarehe 11 Februari kama baraza la nje ya nyumba: watu wasiojuana wameketi pamoja kwa sababu kivuli kimeangukia hapo.

Wa kwanza kuketi ni vijana wanne wa Liverpool. Jumatatu ya tarehe 11 Februari 1963 The Beatles waliingia katika studio za EMI, mtaa wa Abbey Road, London, saa nne asubuhi, wakatoka karibu saa tano ya usiku. Katika muda huo walirekodi nyimbo 10 za santuri yao ndefu ya kwanza. Nne nyingine zilikuwa zimekwisha kutoka katika santuri ndogo mbili, na zote 14 pamoja zikawa albamu iliyoingia madukani tarehe 22 Machi mwaka huohuo. Msimamizi wao alikuwa George Martin, na mtambo ulikuwa wa njia mbili tu za sauti, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuficha kosa. Walipiga na kuimba kama walivyozoea kufanya kilabuni. John Lennon alikuwa na mafua. Wimbo wenye kuhitaji koo kuliko zote uliachwa uwe wa mwisho, kwa kuwa baada yake sauti isingebaki. Ulipigwa mara moja, ukafaa. Walipojaribu mara ya pili, sauti ilikuwa imekwisha, na ile ya mara ya kwanza ndiyo iliyoingia katika santuri.

Wimbo huo ni “Twist and Shout”. Wanaousimulia mkasa wa siku hiyo huishia kwenye koo la Lennon, nami sioni ubaya, kwa kuwa ni mkasa mtamu. Lakini maneno yale hayakuwa ya Lennon wala ya mwenzake yeyote. Waliyatunga Wamarekani wawili, Phil Medley na Bert Berns. Kundi la Top Notes liliurekodi wimbo mwaka 1961 na haukuvuma. Isley Brothers wakaurekodi mwaka 1962 ukavuma. Ndipo ukafika Liverpool. Kati ya nyimbo 14 za albamu ile, 6 zilikuwa za watu wengine na 8 ndizo zilizotungwa na Lennon na McCartney. Kwa maneno mengine, sauti inayokumbukwa kuliko zote ya siku ile ilikuwa imeazima maneno.

Azima hiyo ilikuwa halali, kwa maana majina ya watunzi yaliandikwa na haki zao zilijulikana. Ajabu iko upande wa pili, kwenye tungo zao wenyewe. Mwezi huohuo wa Februari 1963 iliundwa kampuni ya Northern Songs ili kusimamia tungo za vijana hao. Mwaka 1969 kampuni hiyo ikaangukia mikononi mwa kampuni ya ATV, na mwaka 1985 Michael Jackson akainunua hazina ya ATV kwa dola milioni 47.5. McCartney alikuwa hai, akiimba nyimbo zake majukwaani, huku tungo zenyewe zikiwa katika sanduku la mtu mwingine. Kiswahili kina neno zuri hapa, mwenye, lakini halitoshi. Mwenye wimbo ni aliyeutunga? Aliyeuimba? Au aliye na karatasi yake? Katika lugha ya kila siku wote watatu twawaita wenye wimbo, na fujo huanzia hapo.

Sasa nije nyumbani, maana hapo ndipo nilipokuwa naelekea tangu mwanzo.

Tarehe 11 Februari 2001 alifariki Fadhili William Mdawida, akiwa Marekani. Jina lake la mwisho lina habari ndani yake: Wadawida ndilo jina wanalojiita wenyewe wale tunaowaita Wataita, na yeye alizaliwa katika nchi ya Taita, Kenya, mwaka 1938. Karibu na mwaka 1960 yeye na bendi yake ya Jambo Boys waliurekodi wimbo wa “Malaika”, na baadaye akaurekodi tena akiwa na kundi la Black Shadows. Huo ndio wimbo wa Kiswahili unaojulikana duniani kuliko karibu nyimbo zetu zote. Miriam Makeba aliusambaza. Yeye na Harry Belafonte waliuimba pamoja katika albamu yao ya mwaka 1965, albamu iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Kundi la Hep Stars la Uswidi, alimokuwamo kijana Benny Andersson kabla ya kuanzisha ABBA, lilitoa “Malaika” yake mwaka 1967. Boney M wa Ujerumani wakafuata mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1991.

Mtangazaji hukomea hapo: amefariki mtunzi wa “Malaika”. Na hapo ndipo mimi huzima redio, kwa sababu neno mtunzi limetumiwa kwa haraka mno.

Kwamba Fadhili William ndiye aliyeutangulia wimbo huo katika santuri hakuna ubishi. Kwamba ndiye aliyeutunga, ubishi upo, nao ni wa siku nyingi. Adam Salim, mzaliwa wa Tanganyika, alidai kwamba aliutunga yeye katika miaka ya 1940, kwa ajili ya msichana aliyempenda na asiweze kumwoa. Wapo pia waliomtaja Grant Charo, shemeji yake Fadhili. Mwenyewe Fadhili alishikilia kwamba wimbo ni wake. Kwa kuwa ndiye aliyeurekodi kwanza, jina lake ndilo lililotangulia katika karatasi, na karatasi ndiyo iliyosafiri hadi ng'ambo na kuulizwa habari za mrabaha.

Msomaji atazame uzito wa jambo hili. Kijana mwenye gitaa wa miaka ya 1940 alitunga, akaimba, wenzake wakaitikia, wimbo ukaenda harusini na kilabuni. Ushahidi wake ulikuwa masikio ya watu. Baada ya miaka 15 hivi ikaja studio, na kuanzia siku ile ushahidi wa masikio haukuhesabiwa tena. Siku ya kurekodiwa ikawa siku ya kuzaliwa kwa wimbo. Hapo ndipo tarehe ilipoimeza taarikhi. Sisemi kwamba Adam Salim alisema kweli au kwamba Fadhili alisema uongo. Inawezekana kabisa kila mmoja wao alitia mkono mahali, kwa sababu wimbo unaopita midomoni huokota neno hapa na kupoteza neno pale. Ninachosema ni kwamba mizani tuliyopewa ya kuwapimia ilikuwa na kisahani kimoja tu.

Zipo sehemu za wimbo huo ambazo hazikuwa za yeyote kati yao. Kilio cha kijana anayependa na asiye na mali ya kutoa mahari kimo katika nyimbo na mashairi yetu tangu zamani, na hakuna awezaye kukidai. Kumfananisha mpenzi na ndege ni mali ya wote vilevile; ushairi wa pwani umejaa njiwa na kasuku. Hata neno malaika lenyewe lina taarikhi ndefu. Katika Kiarabu ni wingi, na umoja wake ni malak. Kiswahili kikauchukua wingi huo kikautumia kwa umoja pia, tukasema malaika huyu na malaika hawa. Kisha neno likatanuka. Mtoto mchanga ni malaika, kwa kuwa hana dhambi. Na vile vinyweleo laini vya mwilini, ambavyo husimama mtu apatapo baridi au hofu, navyo ni malaika. Mpenzi akiitwa malaika basi amebeba utakatifu, uchanga na ulaini wa ngozi kwa pamoja. Mfasiri anayeandika “malaika wa mbinguni” peke yake ameacha theluthi mbili njiani.

Lakini kuna neno moja la wimbo huo ambalo limenishughulisha kuliko yote, nalo linahusu moja kwa moja swali la nani mwenye maneno. Ni kitenzi kinachoelekezwa kwa yule ndege mdogo. Yapo matoleo ambamo husikika nakuwaza, na yapo ambamo husikika hukuwaza. Kwa mgeni tofauti ni ndogo, na gitaa halijali. Kwa mwalimu wa Kiswahili hiyo ni ardhi na mbingu.

Nakuwaza haina tatizo: ni mimi, sasa, nawe u katika mawazo yangu. Hukuwaza ina sura mbili. Ukiichambua hu-ku-waza kwa hu- ya mazoea, ku- ni wewe unayewazwa, na maana ni kwamba kila siku mawazo yako kwako. Ukiichambua kwa hu- ya ukanushi wa nafsi ya pili, ku- inageuka kuwa alama ya wakati uliopita, na maana ni kwamba wewe, ndege, hukuwaza wala hukufikiri, yaani lawama. Herufi ni zilezile na mkazo uko palepale. Tungo moja yaweza kuwa ungamo la mapenzi au shutuma, na hakuna kinachoamua isipokuwa maneno yanayoizunguka na sauti ya mwimbaji.

Nilipokuwa nikifundisha Kidato cha Tatu niliwaandikia wanafunzi neno hilo ubaoni, bila kuwaambia limetoka wapi, nikawataka walichanganue. Darasa liligawanyika nusu kwa nusu. Msichana mmoja wa safu ya nyuma akasema inategemea kama msemaji amekwisha kuachwa au bado. Sijasikia maelezo bora zaidi ya kiambishi hu- kutoka kwa mtu yeyote, nikiwamo mimi mwenyewe na wakufunzi walionifundisha chuo cha ualimu.

Ni lipi basi lililotungwa mwanzo? Sikio langu linapendelea nakuwaza, kwa kuwa wimbo mzima ni wa mtu anayejieleza hali yake mwenyewe, na mazoea au lawama vingeukatiza mtiririko. Lakini tazama tulipofika: ili kujibu swali dogo la silabi moja tunahitaji kujua mtunzi ni nani na aliandika nini, na hatuna hati yake. Wimbo wa Kiswahili unaoimbwa kuliko nyingine duniani hauna matini ya asili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, yalipita mdomoni kwa miaka mingi kabla ya Mwalimu Sikujua na Taylor kuyakusanya, na kabla ya Hichens kuyatoa katika Diwani ya Muyaka mwaka 1940; pamoja na hayo twaweza kujadili neno moja la Muyaka kwa ushahidi bora kuliko neno moja la “Malaika”, uliorekodiwa zama za umeme na mitambo.

Nimemtaja Makeba, na tarehe 11 Februari inamhusu kwa njia nyingine. Mwaka 1960 utawala wa makaburu uliifuta pasipoti yake, na mwaka 1963, baada ya kutoa ushahidi mbele ya Umoja wa Mataifa, nyimbo zake zikapigwa marufuku nchini mwake. Kwa hiyo “Malaika” uliposafiri ulimwenguni ulichukuliwa na mwanamke asiyekuwa na nyumba ya kurudi. Lugha zake za kusini ni jamaa wa karibu wa Kiswahili, na silabi zetu zilimkaa vizuri mdomoni. Nadhani hiyo ni sababu moja wengi walimdhania kuwa mtu wa kwetu. Jumapili ya tarehe 11 Februari 1990 Nelson Mandela alitoka gerezani, na Juni ya mwaka huohuo Makeba alirudi Afrika Kusini baada ya miaka 30. Siku hiyo ya Februari si siku ya muziki katika kumbukumbu za watangazaji. Kwangu mimi ni ya muziki, kwa sababu ilimfungulia mlango aliyeupeleka wimbo wetu mbali kuliko watu wote.

Tukio la mwisho la baraza hili liko Marekani. Jumamosi ya tarehe 11 Februari 2012 Whitney Houston alifariki katika hoteli huko Beverly Hills, siku moja kabla ya sherehe za Grammy, akiwa na umri wa miaka 48. Redio za dunia nzima, za kwetu zikiwamo, zilirudia wimbo mmoja siku hiyo na iliyofuata: ule wa filamu ya The Bodyguard, “I Will Always Love You”, ambao mwaka 1992 ulianza kukaa kileleni mwa orodha ya Marekani, ukakaa huko kwa wiki 14. Vijana wengi wanauita wimbo wa Whitney, na kwa maana moja hawajakosea. Namna alivyouanza peke yake, bila ala, sauti tupu, ndiyo iliyowafanya watu waache walichokuwa wakifanya.

Mtunzi wake ni Dolly Parton. Aliutunga mwaka 1973 alipokuwa anaagana na Porter Wagoner, mwimbaji mwenzake aliyemwinua, na ukatoka katika santuri mwaka 1974. Kwa masimulizi yake mwenyewe, Elvis Presley alitaka kuuimba, naye akafurahi, hadi meneja wa Elvis alipomwambia kwamba desturi yao ni kuchukua nusu ya haki za utungaji. Dolly akakataa. Anasema alilia usiku kucha. Baada ya miaka karibu 20 akaja Whitney, na kila wimbo ulipopigwa mtunzi alipata lake, bila kumpunguzia Whitney utukufu wowote.

Hapa wenye wimbo wawili wanakaa pamoja bila kugombana. Mmoja ana maneno, mwingine ana sauti, na karatasi inamjua kila mmoja. Kinachowatofautisha na Adam Salim na Fadhili William si kipaji wala uaminifu. Dolly alijua siku aliyotunga, alikuwa na mahali pa kuiandikisha, na alikuwa na ujasiri wa kusema hapana kwa mtu mkubwa. Katika hayo matatu, ni la tatu tu ambalo kijana wa Nairobi wa miaka ya 1940 angeweza kuwa nalo.

Sheria yetu imejitahidi kulipatia jambo hili maneno. Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoizaa COSOTA. Nayapenda maneno hayo mawili. Hakimiliki ni ya mtunzi. Hakishiriki ni ya aliyeshiriki kuileta kazi masikioni, yaani mwimbaji, mpiga ala na aliyetengeneza santuri. Kwa lugha hiyo twaweza angalau kuuliza vizuri: je, Fadhili alikuwa na hakimiliki, au alikuwa na hakishiriki? Neno mwenye lilitupa jibu moja ambapo tulihitaji mawili. Sijui ni nani aliyekibuni kiambatano hakishiriki, lakini kimenifaa kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Na kabla ya sheria hiyo sisi washairi tulikuwa na sheria yetu. Gazeti la Mambo Leo, tangu miaka ya 1920, lilichapa mashairi pamoja na jina la mtunzi na mahali alipo. Katika malumbano, mtu aliyejibiwa alijulikana, na aliyeiba beti alifichuliwa toleo lililofuata, mara nyingi kwa beti kali kuliko alizoiba. Ubeti wa mwisho, ule wa tamati au kaditama, ulikuwa mahali pa kujitaja: jina, pengine lakabu, pengine mji. Wanafunzi wangu waliuona ubeti huo kama mapambo, na baadhi ya wahariri wa diwani za siku hizi huukata kwa kuwa “hauna ujumbe”. Mimi naona ndio ubeti wenye ujumbe mzito kuliko wote, maana ni muhuri uliotiwa ndani ya kazi badala ya juu ya bahasha. Wimbo wa dansi haukuurithi ubeti huo. Waimbaji wa dansi walijitaja sana, na kuitaja bendi, lakini walijitaja kama wapigaji. Mtunzi akabaki katika maandishi madogo ya lebo ya santuri, kama aliandikwa.

Kwa sheria ya Tanzania, na ya Kenya pia, hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ikiwa mtunzi wa “Malaika” ni Fadhili William, basi kwa sababu ya ile siku ya Februari 2001 wimbo una mwenyewe hadi mwisho wa mwaka 2051. Ikiwa ni mwingine kati ya waliotajwa, hesabu hiyo inaanzia kwenye tarehe nyingine, ya kifo kingine, ambayo hakuna kipindi cha redio kinachoitaja.